Daftari la Waliofunga

Wakati ule nilikuwa katibu wa baraza la wazee wa kanisa. Katibu hukaa pembeni akiandika, na anayeandika husahaulika upesi, kwa hiyo watu husema mbele yake hata yale ambayo wangeyanong'ona. Ndiyo maana nakikumbuka kikao kile karibu neno kwa neno.

Hoja nzito ilikuwa moja. Dada mmoja wa kwaya hakuonekana kwenye maombi ya kufunga juma zima. Mzee aliyeileta alikuja na daftari alilolipiga mistari kwa rula: majina kushoto, siku juu, na alama ya vema kwa wino mwekundu kwa kila aliyefika. Mbele ya jina la yule dada palikuwa peupe kuanzia Jumatatu hadi mwisho. Alitaka asimamishwe kuimba mpaka atubu.

Nisimwonee mzee yule. Hakuwa mnafiki. Alifunga kweli, alitoa zaka bila kupunguza, na hakuna aliyewahi kumshika kwa uongo. Tumezoea kumsimulia Farisayo, yule mshika dini wa Kiyahudi, kama tapeli, ila yule wa mfano wa Yesu katika Luka 18 hakudanganya aliposali pale hekaluni. Alifunga mara mbili kwa juma, ilhali Torati iliamuru siku moja tu kwa mwaka, Siku ya Upatanisho. Alizidisha! Kilichokosekana katika sala yake ni haja. Hakuomba chochote, alimsomea Mungu taarifa ya mwenendo wake, huku jicho moja liko kwa mtoza ushuru, mtu aliyedharauliwa, aliyekuja kusali hekaluni humo humo.

Mchungaji akauliza, "Huyu binti alikuwa wapi?"

Mama mmoja wa baraza, ambaye huwa hasemi mpaka aulizwe, akajibu. Dada alikuwa kwa jirani yake aliyepigwa na kiharusi. Yule mgonjwa hawezi kujigeuza, na akilalia upande mmoja muda mrefu anatoka vidonda, kwa hiyo dada anaamka usiku kumgeuza. Anambadilisha shuka, anazifua, anamlisha uji kwa kijiko kidogo, taratibu, asije akapaliwa.

"Nampa pole," mzee akasema. "Lakini utaratibu ni utaratibu. Angetoka hata saa moja akaja."

"Amwachie nani?"

Hakujibiwa. Mchungaji akanigeukia. "Katibu, tusomee yale mahitaji tuliyokuwa tukiyaombea."

Nikatoa karatasi kwenye jalada. Amani, vijana, na la tatu, wagonjwa. Chini ya wagonjwa kulikuwa na majina, na jina la jirani yule lilikuwamo, limeandikwa kwa mwandiko wa mzee mwenyewe. Nililisoma kama nilivyosoma mengine.

Mchungaji akafungua Hosea 6:6: "Maana nataka fadhili wala si sadaka." Akatukumbusha kwamba katika Mathayo Yesu aliyarudia maneno hayo mara mbili, kwanza alipolaumiwa kwa kula na watoza ushuru, kisha wanafunzi wake walipolaumiwa kwa kuvunja masuke siku ya Sabato. Mara zote mbili aliwaambia watu walioijua Torati kuliko wengi wetu tunavyoijua Biblia. (Mimi nafunga hadi leo, na sioni kwamba Hosea ananikataza. Mungu alikuwa ameziagiza zile sadaka mwenyewe.)

Mzee akauliza, na sauti yake haikuwa ya ubishi tena, "Kwa hiyo kufunga kwetu kulikuwa bure?"

"Sijasema hivyo, mzee wangu. Tulimwomba Mungu amwangalie yule mgonjwa. Akamtuma mtu. Sasa tumekaa hapa kumwadhibu aliyetumwa."

Hoja haikupigiwa kura. Mama yule akakataa tusiondoke kabla ya kupanga zamu, maana dada alikuwa hajalala usingizi wa kutosha kwa muda mrefu. Majina ya usiku yakapatikana. Mzee akasema mgongo wake haumruhusu kumnyanyua mtu, ila anaweza kukaa na mgonjwa mchana ili binti apumzike. Akataka kujua kama anasikia akisomewa.

"Anasikia vizuri sana," mama akamwambia. "Ila akianza kuongea usimmalizie sentensi. Inamuudhi."