Nilivyoizoea nyumba ya pwani baada ya kustaafu urubani jeshini

Nilipokaribia kustaafu katika Jeshi la Anga, ambako kwa miaka mingi nilirusha ndege za usafirishaji kutoka Ngerengere, wenzangu wengi walikuwa wakipanga kurudi kwao au kujenga Morogoro mjini. Mimi na mke wangu ni watu wa Njombe, lakini tulichagua Pangani, upande wa kaskazini wa mto, kwenye kiwanja kilichoinuka kidogo kutoka ufukweni. Waliotutakia mema walituonya kwamba bahari huila nyumba na kwamba mgeni kutoka bara hadumu pwani. Nyumba imesimama imara, nasi tumekaa, na ninaeleza hapa tulivyofanya kwa ajili ya wastaafu wenzangu wanaofikiria hatua kama hii.

Chumvi ndiyo iliyonishughulisha zaidi, nami nilikuwa nikiifahamu tangu kazini. Ndege iliyorudi kutoka Mafia au Zanzibar haikuachwa ilale na chumvi. Mafundi waliiosha kwa maji yasiyo na chumvi, kisha wakakagua kwa tochi zile sehemu ambazo mvua haifiki, hasa chini ya mabawa na ndani ya vyumba vya magurudumu. Sehemu inayonyeshewa hujisafisha yenyewe, lakini iliyojificha hulimbikiza chumvi, na chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewa hata siku ya jua kali. Nyumba nayo ina maficho yake: chini ya mapaa, nyuma ya fishabodi (ubao wa ukingo wa paa), kwenye bawaba za madirisha, kwenye komeo la geti. Yote nimeyaandika katika daftari la ukaguzi, na msimu wa kusi ninayapitia kila wiki nikianzia upande wa kusini-mashariki, unakotokea upepo. Ninaosha, ninakausha kwa kitambaa, kisha ninatia tone la mafuta. Ukipitisha kidole kwenye grili ya dirisha asubuhi na kukigusa ulimini, unaionja chumvi iliyotua usiku mmoja tu, na hapo hutahitaji kushawishiwa tena.

Jambo ambalo mafundi wa nyumba hulipuuza ni kuchanganya metali. Alumini ikigusana na chuma mahali penye maji ya chumvi, alumini huliwa upesi, na hilo kila fundi wa ndege analijua. Fremu za madirisha yetu zimefungwa kwa skrubu za steinlesi zenye washa za plastiki zinazozuia metali hizo mbili zisigusane. Milango ni ya mtiki uliotoka Muheza, ambako kuna shamba la miti la Longuza, na bei yake sijaijutia.

Wakati wa ujenzi nilikataa kabisa mchanga wa ufukweni, ingawa ulikuwa hatua chache kutoka kiwanjani na mafundi waliutamani. Chumvi yake hubaki ndani ya zege na kuozesha nondo. Kutu inapovimba, zege hupasuka na kubanduka vipande vipande. Tulinunua mchanga wa mtoni, na siku ya kumwaga zege nilisimama na rula mkononi kuhakikisha kwamba nondo zimefunikwa kwa sentimita 5. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, nasi tuliuheshimu mpaka huo kwa moyo mkunjufu, kwa sababu aliyeshuhudia bamvua, yaani maji makuu ya bahari, ikisukumwa na kusi anaelewa vizuri kwa nini uliwekwa.

Kazi ya urubani ilinizoesha kuishi kwa ratiba, na mtu wa namna hiyo anapostaafu hujikuta ameamka saa kumi na moja alfajiri bila pa kwenda. Hilo ndilo lililonielemea kuliko kutu. Aliyenisaidia ni nahodha mmoja wa jahazi, jirani yetu, mzee aliyenizidi umri ninayemwamkia kila siku. Nilimwomba anifundishe maji, naye akaniambia, "Afande, hesabu mwezi kwanza, saa utaipata baadaye." Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kati yake huwa maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo. Maji yaliyojaa leo, kesho yatajaa yakiwa yamechelewa kwa takriban dakika 50. Upepo, ambao mimi niliuzoea kwa nyuzi za dira na kasi, yeye anaujua kwa jina na kwa wakati wake. Alfajiri huvuma umande kutoka nchi kavu, na huo ndio unaozitoa ngalawa. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto kuliko bahari, upepo hugeuka na kuzirudisha. Sasa ninapoamka alfajiri, ninajua maji yapo wapi, nani anatoka, na saa ngapi nishuke ufukweni kununua samaki.

Kwa majirani wengine hatukuingia kwa barua ya utambulisho pekee, ingawa mwenyekiti wa kitongoji tulimwona kabla ya jambo lolote. Tuliingia kupitia misiba. Huku maziko hufanyika upesi, mara nyingi siku hiyohiyo, na jirani hutazamiwa kufika hata akiwa wa dini nyingine. Sisi ni Wakristo. Mke wangu hujitanda kanga na kukaa na kina mama, nami hukaa mkekani na wanaume na kutoa ubani. Baada ya hapo ndipo tulipoanza kukaribishwa barazani kwa kahawa na kashata, na watu wakaanza kututafuta tusipoonekana.

Limebaki suala la maji ya matumizi. Kisima kilicho karibu na bahari kikivutwa sana kwa pampu huingiwa na maji ya chumvi, kwa hiyo tunategemea zaidi mvua. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1, na bati letu la mita za mraba 120 hutoa hadi lita 1,200 mvua ikinyesha milimita 10. Tangi tulilonalo hujaa mapema na maji mengi humwagika, hivyo kabla ya masika yajayo tutaweka jingine upande wa jikoni. Fundi ameshapima mifereji.