Wewe Rudia Tu

Kabla sijawa muongozaji wa filamu nililia sana mbele ya kamera. Nilianza na michezo ya redio nikiwa bado skuli, kisha nikavuka kwenda Dar es Salaam, zama zile filamu za Bongo zikiuzwa kwenye DVD mpaka vichochoroni na Kanumba yu hai bado. Kwa sura yangu na lafudhi yangu ya Unguja nikapewa kazi moja tu: binti wa kulia. Mume kamfukuza, analia. Mama mkwe kamsingizia, analia. Kabla kamera haijawashwa nilipakwa dawa ya mafua chini ya macho, machozi yakaja yenyewe. Siku moja nikauliza: huyu binti hajaambiwa kitu bado, analilia nini? Muongozaji hata hakunitazama.

"Wewe lia tu."

Maneno hayo nilikwenda nayo nyumbani, nikalala nayo. Nikaapa kwamba nikisimama mimi nyuma ya kamera, atakayeniuliza atajibiwa.

Miaka ikapita, nikapata filamu yangu ya kwanza. Fupi, ya dakika 12, juu ya mama mkulima wa mwani wa Jambiani, kijiji cha pwani huko kwetu Unguja. Niliiandika Dar, usiku, chumba cha kupanga. Mwisho wake nilikuwa naupenda kuliko vyote: mama anavuna mwani peke yake kwenye pwani iliyokauka, na nyuma yake jua linazama baharini. Jua hilo nalijua tangu mtoto. Kwetu Mjini, Zanzibar, ukikaa Forodhani magharibi unaliona likitumbukia majini mbele yako. Wakati wa ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, tukingoja kiza kiingie ili filamu ianze ndani ya Ngome Kongwe, tulikuwa tukiliaga pale kwanza.

Bibi niliyepelekwa kwake Jambiani alikuwa miongoni mwa wanawake walioanza na mwani huo mwaka 1989, ulipoingia kama zao la biashara. Nikamwamkia, akanikaribisha mkekani, akanisikiliza mpaka mwisho huku mikono yake ikiendelea kugeuza mwani ulioanikwa. Kisha akasema, kwa upole kabisa:

"Mwanangu, mwani tunavuna bamvua, siku maji yanapokwenda mbali kabisa. Bamvua maji yanapwa asubuhi, saa nne hivi. Alasiri bahari imejaa tele. Magharibi utavuna nini? Na jua huku kwetu linazama kule." Akaelekeza kidole nyuma ya nyumba, minazini.

Niliona haya, maana mimi ni Mzanzibari. Pwani ya mashariki jua linachomoza baharini, halizami baharini, na hilo nalijua. Nilikuwa nimekaa Dar nikaandika Jambiani kwa macho ya Forodhani. Nikamuuliza kama siku za maji mafu jioni haziwezi kufaa. Akanambia siku hizo maji yanapwa jioni kweli, lakini hayaendi mbali, mashamba yanabaki chini ya maji. Usiku uleule nikauandika upya mwisho wangu: asubuhi, jua la kuchoma, bila ya rangi yoyote ya dhahabu. Ndio mwisho bora zaidi, na naamini hivyo mpaka leo.

Siku ya kupiga picha tulikuwa watu watano, na lenzi ya kukodi kwa siku mbili. Mama mkulima aliigizwa na dada mmoja wa Mjini, muigizaji mzuri sana, ila kufunga mwani hakujua. Kwa hiyo vidole vilikuwa vya Bibi.

Kazi yenyewe ni hii. Kamba inanyooshwa baina ya vijiti viwili vilivyopigwa mchangani. Juu yake zimening'inia kamba nyembamba fupi fupi, wao wanaziita taitai, na kwenye kila taitai unafungwa mwani mchanga ukubwa wa ngumi, ndio mbegu. Ukikaza sana unakatika. Ukilegeza, mawimbi yanaondoka nao. Bibi alikuwa anafunga bila ya kutazama, kidole gumba kikipita chini ya kamba na kutokea juu, ngozi yake imepasukapasuka kwa chumvi, na fundo limekwisha kabla mimi sijaona lilikoanzia.

Mara ya kwanza kamera ilikuwa usoni, tukaikosa mikono. Nikaomba arudie, akafungua, akafunga. Mara ya pili likapita wingu. Mara ya tatu ikasikika boti. Nilipoomba mara ya nne Bibi aliinua uso.

"Nirudie nini, mama? Hii nishaifunga."

Nikasikia sauti yangu ikisema: "Bibi, wewe rudia tu."

Hakuna aliyenigeukia. Kwa wenzangu yalikuwa maneno ya kazi. Mimi ndiye niliyejua nimeyatoa wapi. Bibi aliinama, akafungua fundo, na alipokuwa akifungua alitupa jicho mwambani, kule mstari mweupe wa mawimbi. Maji yalikuwa yameshaanza kurudi, yanapanda vifundoni. Kamba zake nyingi zilikuwa bado tupu. Bamvua ni siku chache tu katika kila wiki mbili, na moja nilikuwa nimeishika mimi. Posho nilimlipa, lakini posho haifungi kamba.

Nikamwambia mpiga picha asubiri. Nikachuchumaa mbele ya Bibi, maji yakanilowesha kanga.

"Bibi, samahani. Nataka watu wavione vidole vyako vikifunga, kuanzia mwanzo wa fundo mpaka mwisho. Huyu dada hajui, na mimi sijui. Bila ya vidole vyako filamu yangu ni uongo."

Akanitazama kidogo. "Ungesema."

Akasogeza pembe ya kanga iliyokuwa ikitia kivuli, akageuza kamba upande wa jua, akapunguza mwendo wake kwa makusudi ili tumuone. Tulipiga mara moja. Mtu wa sauti alikuwa amebeba mashine yake kichwani, maji magotini.

Kesho yake maji yalipwa karibu saa nzima baadaye kuliko jana. Ilikuwa siku ya pili ya lenzi ya kukodi. Tukaiacha ndani, tukashuka pwani sote watano kumfungia Bibi kamba zilizobaki. Nilifunga taitai kumi na kitu, nikajiona nimeelewa. Bibi akaja nyuma yangu, akaipitisha kamba mkononi mwake, akafika fundo langu la kwanza, akalivuta kidogo. Likafunguka. Akafungua na yaliyofuata, moja baada ya moja, akanirudishia kamba.

"Rudia," akaniambia, akachuchumaa ubavuni kwangu kunionesha kidole gumba kinapopita.