Mkono wa roboti uliogoma, na mpira wa manati

Wiki tatu kabla ya mashindano mkono wetu ulikuwa unapendeza kinoma. Aluminiamu tupu, nati zinang'aa, sevo tatu (mota ndogo zinazogeuka mpaka pembe unayoziambia) zimekaa moja begani moja kwenye kiwiko moja kwenye koleo, watoto wa klabu wanaupiga picha tu. Shida ilikuwa moja, hauinui kitu. Kazi yenyewe ni kuokota vipande vya mbao vya gramu 100 sakafuni na kuvipanga kwenye rafu, sasa mkono unashika kipande vizuri, unaanza kupanda, ukifika usawa wa bega unatetemeka kama mtu mwenye malaria halafu unashuka taratibuuu mpaka chini. Mara ya nne sevo ya bega ikaanza kunuka.

Mimi nafundisha fizikia, kwa hiyo aibu ilikuwa yangu. Momenti tunafundisha kidato cha pili, uzito mara umbali, na hakuna aliyekaa chini kupiga hiyo hesabu kabla ya kukata chuma. Tulienda Kariakoo tukanunua sevo aina ya MG996R kwa sababu karatasi yake inasema inavuta kilo 9.4 kwa sentimita moja ukiilisha volti 4.8, na 11 ukiilisha volti 6, tukaona hii ni trekta.

Basi siku hiyo tukafungua mkono wote, kila kipande juu ya mizani ya jikoni. Kutoka bega mpaka koleo ni sentimita 30. Mbao gramu 100 kwenye ncha, hapo kilo-sentimita 3 (kilo mara sentimita). Koleo lenyewe na sevo yake nalo gramu 100, tatu nyingine. Sevo ya kiwiko gramu 55 katikati ya mkono, 0.8. Vyuma gramu 160, navyo ukivihesabu kwa katikati, 2.4. Jumla 9.2. Yaani kati ya hiyo 9.2 mzigo wenyewe ni 3 tu, kinachobaki mkono unajibeba wenyewe! Kuna kijana akauliza "sasa sir si 9.2 ni ndogo kuliko 9.4?" Swali zuri, ila ile 9.4 ni pale sevo inapokwama kabisa, inavuta kwa nguvu zake zote na haizunguki tena, ukiiacha hapo inaungua.

Halafu hata hiyo 9.4 sikuiamini maana kopi zimejaa sokoni. Tukaibana sevo kwenye ukingo wa meza, tukaifungia rula ya chuma, kwenye sentimita 10 tukaning'iniza chupa tupu tukawa tunaongeza maji kidogo kidogo, jaribu kuinua, ongeza, jaribu. Ikagoma chupa ilipofika kama gramu 700. Kwa hiyo ni 7, sio 9.4. Kipimo cha chupa na maji, na kimetufundisha kuliko karatasi ya dukani.

Hapo tukaanza kupunguza. Kwenye koleo tukatoa ile sevo kubwa tukaweka sevo ndogo ya SG90 ya gramu 9, kushika mbao hakuhitaji misuli, na taya tukazichonga kwenye plastiki ya ndoo, koleo zima likawa gramu 40. Sevo ya kiwiko tukaihamishia chini pembeni ya ile ya bega, inasukuma kiwiko kwa spoku ya baiskeli. Vyuma vinene tukamrudishia fundi wa madirisha ya aluminiamu akacheka, "mwalimu si nilikwambia hizi za mlango", akatupa vipande vyembamba vilivyobaki kazini kwake bure. Hesabu mpya 5.5 na kidogo. Bado nyingi kwa sevo ya 7, joto lingeimaliza.

Wazo la mpira sio langu. Binti mmoja wa form three, mkimya, kazi yake kwenye klabu ilikuwa kukata waya, akasema kwani tusifunge mpira wa manati uvute mkono juu. Nikacheka kidogo, nakiri. Halafu nikakumbuka roboti za mashindano ya VEX zinavyojazwa rababendi kwenye mikono, mimi nilikuwa naona kama uchafu kumbe ndio akili yenyewe. Tukakata tyubu ya baiskeli vipande viwili, upande mmoja kwenye nguzo juu ya bega, upande wa pili kwenye mkono. Ujanja uko kwenye kukaza: chomoa sevo kwanza, mkono ubaki huru, halafu kaza mpaka mkono mtupu ukiuweka popote unakaa hapo hapo, haushuki haupandi. Ukikaza sana sevo inaanza kupigana na mpira wakati wa kushuka, tulifanya hilo kosa siku nzima. Mkono mtupu ukishaelea, sevo inabeba mbao tu, 3 kati ya 7.

Umeme nao ulitusumbua ila hilo ni kosa la kila mtu. Sevo zote zilikuwa zinakula kwenye Arduino, ile bodi ndogo inayoongoza roboti, kupitia USB, bega likianza kuvuta bodi inajizima na kuwaka upya, mkono unaruka kama umepigwa kofi. Dawa ikawa betri mbili za laptopu ya zamani, reguleta ya kushusha mpaka volti 6, kapasita moja kubwa ya kutunza umeme, na waya hasi wa betri uunganishwe na hasi ya Arduino (huu ukisahau utalia). Kwenye programu tukaacha kuiambia sevo iruke digrii 90 kwa mpigo, inaenda digrii moja moja.

Kilichobaki ni kulegea. Digrii moja ya kucheza pale begani ukifika kwenye koleo ni nusu sentimita, na mbao zinatakiwa kukaa kwenye mstari. Shafti ilikuwa inapita kwenye tundu la aluminiamu hivi hivi. Mdogo wangu ana spina ile ya kuchezea ya vidoleni, katikati yake kuna beringi ya milimita 8 kwa 22, nikaiomba, akakataa, nikanunua mbili mpya nikampa moja, nyingine ikashika shafti.

Jana tumepima mara 50 mfululizo. Mkono umeshika 47. Zile tatu ulizokosa zote ni baada ya mara ya 40, mpira ulikuwa umeanza kuchanika pale unapopita kwenye ukingo wa chuma. Leo binti amekuja na kipande cha mrija wa maji ameuvisha pale kwenye ukingo, hajamuuliza mtu.