Jinsi Nilivyoacha Kutengeneza Unga wa Fedha

Kwa karibu miaka miwili kazi yangu maabarani ilikuwa kutengeneza chembe za nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, za madini ya fedha kwa ajili ya karakana ya wafinyanzi wanaotengeneza vyungu vya kuchujia maji. Chungu cha aina hiyo, ambacho asili yake ni kazi ya Fernando Mazariegos nchini Guatemala mwaka 1981, hufinyangwa kwa udongo uliochanganywa na unga wa mbao au pumba za mpunga. Tanurini pumba huungua na kuacha vitundu vidogo mno vinavyonasa uchafu na bakteria wengi, na fedha inayopakwa baadaye huwadhuru wale wanaojaribu kuzaliana ndani ya kuta za chungu.

Nilikuwa nikigeuza nitrati ya fedha, chumvi ya fedha inayoyeyuka katika maji, kuwa chembe kwa kutumia kemikali iitwayo sodiamu borohaidraidi, kisha nikikausha mchanganyiko huo uwe unga, kwa kuwa unga ni rahisi kuhifadhi na kusafirisha. Asubuhi moja nilifungua kopo karibu na dirisha, na jua lililokuwa likipenya likanionyesha vumbi la kijivu likipanda taratibu juu ya meza na kuelekea mlangoni. Mimi nilikuwa nimevaa barakoa. Dada aliyekuwa akifagia hakuwa nayo. Nilifunga kopo, nikamwomba atoke nje, na kwa siku kadhaa sikuweza kuwaza jambo jingine.

Gramu moja ya fedha iliyogawanywa kuwa chembe za kipenyo cha nanomita 20 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) ina uso wenye eneo linalozidi mita za mraba 28, yaani sakafu ya chumba kikubwa, na ni uso huo mpana unaoifanya iwe kali kwa bakteria. Ukali huohuo haubagui: chembe ndogo kiasi hicho zikivutwa na pumzi hufika ndani kabisa ya mapafu, na fedha ikiingia mtoni hudhuru samaki na wadudu wadogo wa majini. Mpaka siku ile, usalama kwangu ulikuwa na maana ya glavu na barakoa. Paul Anastas na John Warner, waliotoa kanuni 12 za kemia ya kijani, yaani kemia inayojali afya na mazingira, mwaka 1998, wanaanza na kuzuia taka zisizaliwe kabla ya kufikiria namna ya kuzisafisha, na kanuni hiyo niliikariri nikiwa mwanafunzi bila kuitumia hata mara moja.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuacha kukausha, ili chembe zibaki ndani ya maji wakati wote. Nikaacha pia borohaidraidi, ambayo ni sumu na hutoa haidrojeni inapokutana na maji, nikatumia maji ya majani ya mwarobaini yaliyochemshwa. Mchanganyiko ulibadilika rangi kutoka manjano hafifu hadi kahawia kama chai ya rangi, nami nikafurahi mno, lakini furaha hiyo ilikuwa ya mapema. Majani ya masika na ya kiangazi hayakunipa chembe za ukubwa mmoja, na maji ya majani yaliota ukungu baada ya siku chache. Isitoshe, fedha iliyotengenezwa kwa mwarobaini ni fedha ileile: lita moja ya mchanganyiko wangu ilikuwa na takriban miligramu 108, zaidi ya mara 1,000 ya miligramu 0.1 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani limeona zinaweza kuvumilika katika maji ya kunywa. Mabaki nilikuwa nikiyamwaga kwenye sinki.

Nikaweka ndoo yenye mfuniko ya kupokea mabaki hayo, pamoja na chumvi ya kawaida ya jikoni. Chumvi ikikutana na ayoni za fedha, yaani fedha iliyoyeyuka katika maji, papo hapo hufanyika mashapo meupe mazito kama maziwa yaliyoganda, ambayo yakikaa kwenye mwanga hugeuka zambarau. Chembe zenyewe nazo hushikana na kutuama chini. Mashapo hayo niliyachuja na kuyahifadhi, kwa sababu fedha yake inaweza kurejeshwa.

Aliyenisukuma mbali zaidi ni mama mmoja mfinyanzi, mkubwa wa karakana, aliyeniuliza, “Mwanangu, kwani hiyo dawa lazima uipikie huko kwako? Tanuri si lipo hapa?” Nilimjibu kwamba nitafikiri, nikarudi kusoma, nikakuta watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, wameonyesha kwamba nitrati ya fedha inaweza kuchanganywa na udongo kabla ya kuchomwa, na joto likaigeuza kuwa mabaka madogo ya fedha yaliyoshikana na kuta za vitundu. Kwa njia hiyo hakuna anayeshika chembe za nano zilizo huru, kwa kuwa zinazaliwa zikiwa tayari zimeshikwa.

Njia hiyo nayo ina masharti yake. Nitrati inapovunjika hutoa gesi ya sumu ya naitrojeni dayoksaidi, kwa hiyo tanuri lilihamishiwa mahali pa wazi na hakuna anayekaa upande ambao upepo unaelekea. Joto nalo lazima libaki chini ya nyuzi 962 za Selsiasi, ambapo fedha huyeyuka. Anayekanda udongo huvaa glavu, maana nitrati huunguza ngozi na kuiacha na madoa meusi.

Tulipopima maji ya vyungu vipya, yale ya mwanzo ndiyo yaliyokuwa na fedha nyingi, kisha kiwango kikashuka kadiri tulivyoendelea kuchuja. Sasa maji ya mwanzo hayamwagwi. Hutumiwa kukandia udongo wa vyungu vinavyofuata. Vyungu vinavyopasuka wateja huvirudisha, na vigae vyake huloweshwa kwanza ili visitoe vumbi, vikatwangwa vikiwa bado vimelowa, na kuchanganywa na udongo mpya. Mama yule ndiye anayevipima kwa kopo, akiandika idadi kwa chaki kwenye mlango wa stoo.