Tulivyoacha kurushiana PDF za viwango

Katika kundi letu la wapenda elektroniki, mtu akikwama alikuwa anaomba PDF ya kiwango, yaani waraka rasmi unaoeleza jinsi kifaa au mawasiliano fulani yanavyopaswa kufanya kazi, na mwingine anaitupia hapo hapo bila yeyote kuuliza imetoka wapi. Nilipokabidhiwa kulisimamia kundi, jambo hilo lilininyima raha.

Kilichotulazimisha kuamua ni memori kadi. Kijana mmoja alikuwa anaunda kifaa cha kurekodi joto la mashine ya kutotolesha vifaranga, na kadi yake ikagoma kabisa kujibu. Akaomba kiwango kamili cha SD Association, shirika linaloweka viwango vya kadi hizo, kile wanachopewa wanachama waliosaini mkataba. Mwenzetu mmoja alikuwa nacho, akakituma. Nikalifuta faili. "Kaka, hao wakubwa wanatubania elimu," aliyekituma akaniambia. Nilimwelewa: viwango vingi vya ISO, shirika la kimataifa la viwango, huuzwa, na bei yake kwa mwanafunzi haishikiki. Lakini aliyesaini kutunza siri amesaini, na kundi lisingeweza kujengwa juu ya mali iliyovujishwa.

Kukataza tu kungemwacha kijana palepale alipokwama. Kwa hiyo nikakaa na toleo lililofupishwa, ambalo SD Association hulitoa bure ukishakubali masharti yao. Majibu yote aliyoyahitaji yalikuwamo. Kadi ikishapata umeme, pini ya CS (ile inayoiambia kadi kwamba unazungumza nayo) ibaki kwenye volteji ya juu huku ukiipelekea kadi mapigo ya saa, yaani mapigo ya umeme ya kuongoza mawasiliano, yasiyopungua 74, kwa kasi ya kati ya 100 na 400 kHz. Ndipo unaishusha CS na kutuma amri ya kuianzisha upya, baiti 40 00 00 00 00 95 (kwa heksadesimali). Kadi iliyo sawa hujibu 01, yaani imekusikia. Inafuata 48 00 00 01 AA 87, na kadi za toleo la 2 hukurudishia 1AA ile ile. Halafu unarudia amri za CMD55 na ACMD41 mpaka jibu liwe 00, yaani kadi iko tayari. Programu ya kijana ilikuwa inaishusha CS tangu mwanzo, kwa hiyo yale mapigo 74 hayakuwa na maana kwa kadi. Alipoiinua, 01 ikaja.

Nikayaandika hayo kwa Kiswahili, kwa maneno yangu na jedwali nililolichora mwenyewe, nikayaweka kundini. Hapo sheria iko upande wetu kabisa. Mkataba wa TRIPS wa 1994, ule wa kimataifa kuhusu haki za ubunifu katika biashara, kifungu cha 9, unasema hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoelezwa, si wazo, utaratibu wala njia ya kufanya kazi. Namba 74 haina mwenyewe. Ukurasa ulioichapisha ndio wenye mwenyewe. (Hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, ni habari nyingine, na anayetaka kuuza kifaa lazima aiangalie.)

Sasa tunatumiana viungo vya wenye mali na maelezo tuliyoyaandika wenyewe. Kiwango cha USB kipo bure kwa USB-IF, shirika linalokisimamia, na cha I2C, njia ya chipu kuwasiliana kwa waya mbili, kwa kampuni ya NXP. Hivi karibuni mwenzetu kaulizia ISO 11898, kiwango cha CAN, mtandao wa waya unaounganisha vifaa vya ndani ya gari, asome taarifa za gari lake. Nimempa maelezo ya CAN 2.0 ya kampuni ya Bosch, ya 1991: muundo wa fremu, yaani wa kila ujumbe, umo, vitambulisho vya biti 11 na 29 vimo, na namna vifaa vinavyoamua nani apite kwanza kwenye waya. Volteji za waya atazikuta kwenye karatasi ya data ya MCP2551, chipu inayounganisha kifaa na waya za CAN, ambayo watengenezaji wake, Microchip, wanaitoa bure.