Siku ya karani wa wakili anayesaka faili la hospitali Chennai

Saa 11 alfajiri niko kituoni Mbagala, saa 1 na nusu nimeshafika Posta. Kufungua ofisi, chai, kupanga majalada ya siku: hayo hayana hadithi.

Saa 2 kamili nashika simu. India wametutangulia saa mbili na nusu, kwa hiyo Chennai ofisi zimeshafunguliwa. Mteja wetu aligongwa na lori, akafanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo huko, sasa anadai fidia. Watu hudhani karani kazi yake ni kubeba mafaili kupeleka masjala tu. Waje wakae hapa asubuhi moja.

Mapokezi wananipeleka kitengo cha kumbukumbu, kumbukumbu wananirusha kwa wanaoshughulikia wagonjwa wa kigeni, muziki unapiga, salio linakata. Napiga tena. Kijana anataka barua ya idhini ya mgonjwa. Nilishatuma. Nakala ya pasipoti? Nilishatuma. Basi jina halilingani: kwenye mfumo wao la babu limetangulia. Namtajia namba ya usajili ya mgonjwa, ile iliyo kwenye kila karatasi yao. Kimya. Namkumbusha, kwa upole wa kujilazimisha, kanuni za Baraza la Madaktari la India za mwaka 2002: mgonjwa akiomba kumbukumbu zake, apewe ndani ya saa 72. Kanuni hizohizo zinamtaka daktari azitunze miaka 3 tu tangu matibabu yaanze, na yetu inakaribia kutimia. Hilo simwambii. Mwishowe anataka hati ya kiapo ya majina, kwamba yote ni ya mtu mmoja.

Sijapumua, kaka wa mteja huyu hapa mlangoni.

"Dada, mnahangaika nini? Yote hii hapa."

Picha ya WhatsApp. Muhtasari wa kuruhusiwa hospitali, kidole gumba kimefunika tarehe, muhuri umekatika nusu.

"Nani alipiga?"

"Shemeji."

"Simu yake iko wapi?"

"Iliibiwa Kariakoo."

Namweleza. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya 2015, kifungu cha 18, haikatai ushahidi kwa kuwa tu uko kwenye simu, ila mahakama hupima ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na umetoka kwa nani. Halafu muhtasari hautoshi. Wakili wa bima atauliza kama mgongo haukuwa mbovu kabla ya ajali, na jibu liko kwenye maelezo ya siku ya kulazwa na majibu ya MRI, kipimo cha picha za ndani ya mwili. Ananisikiliza, anaitikia, kisha ananitumia picha ileile tena.

Baada ya hapo sijui saa ziliendaje. Mteja na magongo yake kwenye ngazi za kamishna wa viapo, foleni, muhuri, skana iliyogoma. Hati nimeituma dakika chache kabla Chennai hawajafunga, chakula cha mchana nimekisikia harufu tu.

Jioni nimeshabeba mkoba, barua pepe inaingia: faili zima, muhuri na saini kila ukurasa. Nimekaa tena nikafunua moja moja. Wakili akachungulia.

"Limekamilika?"

"Bado, Wakili. Majibu ya MRI hayamo."

"Kesho saa 2?"

"Saa 2."

Nikamwomba hela ya vocha.