Andika mbili, mwambie saba

Fomu yangu ya kwanza niliimaliza kwa dakika nane, nikajiona hodari. Nilikuwa msaidizi wa utafiti katika wodi ya saratani Dar es Salaam, na dodoso lenyewe ni QLQ-C30, linalotumika tangu 1993 kupima mgonjwa anavyojionea mwenyewe hali yake. Lina maswali 30: maumivu, usingizi, hamu ya kula, hata choo. Maswali 28 hujibiwa kuanzia 1, hapana kabisa, hadi 4, sana. Mawili ya mwisho, afya na maisha kwa ujumla, huanzia 1, mbaya sana, na kufika 7, nzuri kabisa.

Bibi mmoja aliyekuwa akipigwa mionzi kwa saratani ya shingo ya kizazi alinipa 7 zote mbili. "Namshukuru Mungu, mwanangu." Kwenye kompyuta saba mbili hugeuka 100 kwa 100, mzima kabisa. Nusu saa baadaye nilimkuta mlangoni pa choo, ameegemea ukuta, anaharisha tangu alfajiri.

Kosa lilikuwa langu. Nilimwamkia shikamoo, nikamuuliza habari za hali, akasema nzuri, nami papo hapo nikaanza kusoma maswali. Kwake ilikuwa salamu ileile inaendelea, na salamu zetu hazina jibu baya. Tena mwanawe amesimama kando. Mama gani atasema anateseka mbele ya mtoto aliyeuza ng'ombe ili amlete mjini?

Tangu hapo salamu nazimaliza kwanza, nakaa kitini, tunaongea habari za mashamba. Ndugu namwomba atusubiri nje. Maswali nayasoma kama yalivyo, maana kila mtu akiyasema kwa maneno yake majibu hayalinganishiki tena, lakini mgonjwa namshikisha kadi yenye majibu kwa herufi kubwa. Na kabla ya kuanza tunahesabu siku saba zilizopita, maana ndizo dodoso linazouliza. Ukisema "wiki iliyopita", wengi huanzia Jumatatu ile na kuishia Jumapili. Hizi siku mbili tatu za karibuni, ambazo ndizo zenye taabu, wanaziacha.

Jumatano iliyofuata nilimrudia yule bibi, mwanawe ameenda kununua chai. Kuharisha, 4. Maumivu, 4. Tulipofika afya kwa ujumla alinyamaza, akatazama mlangoni.

"Andika mbili. Lakini huyu kijana akikuuliza, mwambie saba."